Mbwa anayeguguna kila kitu ukitoka: jinsi ya kumwachisha

Kazi yangu ni kulea mbwa wa watu hapa Malindi, wengine kwa siku mbili, wengine msimu mzima mwenyewe akiwa safarini. Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani, Barani au Maweni, aniulize lile lile: "Nikitoka tu, nikirudi nakuta vitu vimetafunwa. Nifanyeje?" Mmoja kaliwa kochi. Mwingine kaliwa mguu wa kitanda cha urithi. Wa tatu kaliwa waya wa friji, na mbwa yu hai mpaka leo kwa sababu stima ilikuwa imepotea saa ile. Nimechoka kueleza nusu nusu huku tuktuk zinatupigia honi tuondoke njiani, basi nimeandika yote hapa.

Kabla ya yote, elewa kwamba mbwa hakukomoi. Ule uso wa "najua nimekosa" unaouona ukifungua mlango ni hofu tu: amekusoma mabega na sauti, ameona balaa linakuja. Hajui kama linahusu kiatu alichokimaliza saa tatu zilizopita. Mbwa huguguna kwa sababu ya meno, kwa kukosa kazi, au kwa hofu ya kuachwa peke yake. Bila kujua wako yuko kundi gani, utanunua vitu na kupoteza pesa.

Kuhusu meno, hesabu umri wake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na akifika miezi saba hivi huwa ameota yote 42 ya ukubwani. Muda huo wote ufizi unamwasha na atatafuna, upende usipende. Baada ya hapo unakuja ujana, ambao kwa wengine hufika mwaka na nusu au miwili. Anayekwambia mbwa wake wa miezi mitano hatafuni kitu, mwambie aangalie chini ya kitanda.

Vitu utakavyohitaji

Simu yenye kamera, hata ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

Mpira mgumu mnene wenye tundu katikati, unaoweza kujazwa chakula. Kama uwezo upo nunua miwili, mmoja uwe kwenye friza huku wa pili ukitumika. Uwe mkubwa kiasi kwamba hauwezi kuingia wote kinywani. Ukikosa madukani hapa, agiza kwa mtu anayetoka Mombasa au Nairobi.

Dagaa wakavu, kiganja kimoja kwa siku mbili tatu. Ng'onda usimpe, chumvi yake ni nyingi mno.

Maboksi ya karatasi, bakuli la maji lisilopinduka, na siki nyeupe kidogo.

Mahali pa kumwacha penye kivuli na upepo.

Na wiki tatu hadi sita za subira. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huweza kuchukua miezi.

Hatua kwa hatua

1. Mrekodi kabla hujafanya lolote.

Weka simu juu ya kabati, washa kamera, toka kama unavyotoka siku zote. Usijifiche nyuma ya ukuta, mbwa anakunusa. Nenda kabisa dukani, rudi baada ya dakika 40 au saa nzima. Kisha angalia hasa ile nusu saa ya kwanza.

Mbwa aliyekosa kazi huzunguka, hulala, huamka, hujinyoosha, halafu ndipo anaokota kandambili na kuanza kazi taratibu kama fundi. Mbwa mwenye hofu huanza hata hujafika kwenye kona. Anahema, udenda unamtoka, analia, anakwaruza mlango, pengine anakojoa ndani ilhali alishafunzwa. Uharibifu wake huwa mlangoni, dirishani au kwenye geti, mahali ulipopitia wewe. Dalili nyingine ni kwamba chakula kitamu ulichomwachia hakigusi mpaka urudi.

Ukiona ya pili, hatua ya 6 na ya 7 ndizo zako, na hizo nyingine ni za kusaidia. Ukiona ya kwanza, furahi, kazi yako ni nyepesi.

2. Ondoa visivyofaa kutafunwa.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haina ujanja wowote, nami naiona ndiyo inayookoa nyumba. Kila anapofaulu kuguguna mguu wa meza, amejifunza kwamba mguu wa meza ni mtamu. Mfungie chumba kimoja au ukumbi mmoja ulioondolewa vitu, badala ya kumwachia nyumba nzima. Chaja na nyaya zote zipande juu au zipite nyuma ya kabati. Dawa za binadamu ziwe kwenye droo, hasa za maumivu. Tembe chache zilizo salama kwako zinaweza kumuua.

Pipa la taka nalo lifungwe. Watu huogopa mifupa ya kuku, na ni kweli, mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Lakini huku kwetu kuna viwili vinavyosahauliwa: gunzi la mahindi na kokwa la embe. Mbwa hulimeza kwa ajili ya ule utamu uliobaki, likakwama kwenye utumbo, na hapo ni upasuaji au kaburi. Wakati wa maembe hesabu makokwa kama unavyohesabu pesa.

Halafu kuna viatu vya barazani. Hapa nikae kidogo. Majirani wengi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo mbwa akiguguna makubadhi ya mgeni, hasara haiishii kwenye ngozi ya kiatu. Mbwa mmoja niliyekuwa nikimlea alipenya geti akaenda kutafuna mkeka wa bibi wa jirani, mkeka wake wa kusalia. Nilikwenda na shikamoo yangu na kichwa chini.

"Marahaba mwanangu. Mkeka nitasuka mwingine. Huyo mwenzio mfungie geti."

Hakuongeza neno. Nilimpelekea ukindu wa kusukia, na geti tangu siku hiyo lina komeo mbili. Rafu ya viatu iwe juu, au ndani ya chumba asichofika.

3. Mchoshe kabla hujatoka.

Saa 12 asubuhi, jua halijakaza, ndio wakati. Nusu saa ya kutembea na kunusa inatosha kwa mbwa wengi, na kunusa nako kunachosha. Mwache asome kila mti. Ukichelewa hadi saa 4, weka mgongo wa mkono wako juu ya mchanga au lami kwa sekunde tano. Kama huvumilii, nyayo zake nazo hazivumilii, hasa miezi ya kaskazi.

Ufukweni chunga mambo mawili. Maji ya chumvi akinywa mengi atatapika na kuharisha, beba yake ya kunywa. La pili ni bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Wavuvi humtupa mchangani, na sumu yake haiishi kwa kufa wala kwa kukauka. Mbwa akimwokota, ni dakika chache tu unazo. Kama hajajua bado kuachia kitu unapomwambia, mtembeze na kamba.

Rudini nyumbani angalau nusu saa kabla ya kutoka kwako, apoe, anywe maji. Mbwa aliyeingia ndani akiwa bado amepandwa na mzuka wa mchezo atauendeleza kwenye mto wa kochi.

4. Mpe kazi ya mdomo.

Chemsha dagaa bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vyote viwili ni sumu kwa mbwa. Ponda na ugali laini, jaza ndani ya mpira, ziba tundu kwa kipande cha karoti, gandisha usiku kucha. Asubuhi unampa wakati unafunga mlango. Atalamba na kuguguna dakika 20 hadi 40, na kulamba humtuliza. Mara ya kwanza usimpe ukiwa unatoka. Mpe kwanza siku mbili tatu ukiwa umekaa naye, mpira uwe jambo la raha, usiwe dalili ya kuachwa. Na kiasi hicho kipunguze kwenye mlo wake wa kawaida, usije ukaponya kochi ukapata mbwa mnene.

Huna friza? Tawanya dagaa ndani ya boksi lenye karatasi zilizofinyangwa, alifumue mwenyewe. Utafagia vipande vya karatasi, ila karatasi ni rahisi kuliko kochi. Akionekana anazimeza badala ya kuzirarua, acha njia hii.

Naulizwa sana kuhusu nazi. Kifuu kigumu mno na hupasuka kwa ncha, na makumbi yana nyuzi zinazojisokota tumboni. Vyote viwili mimi simwachii mbwa aliye peke yake. Kipimo changu cha kitu chochote cha kuguguna ni ukucha wa dole gumba: nikibonyeza na kusiwe na alama hata kidogo, kigumu mno, kitamvunja jino. Mfupa mkavu wa ng'ombe hushindwa mtihani huo.

Kwa mwenye meno yanayoota, chukua kitambaa kizito, kiloweshe, kikamue, kifunge fundo, kigandishe. Hiki ni cha ukiwa naye tu, kisha unakirudisha kwenye friza.

5. Mfunze kubadilishana.

Ukimkuta na kiatu mdomoni, usimkimbize. Ukimkimbiza umeanzisha mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kucheza. Chukua dagaa, mwoneshe, sema "acha" kwa sauti ya kawaida. Akiachia mpe dagaa, kisha mpe kile kinachoruhusiwa. Rudia mara tano sita kwa siku na vitu asivyovijali sana, ndipo uende kwenye anavyovipenda. Siku atakapookota bunju utajua kwa nini nimekusisitizia.

6. Ondoa uzito wa funguo.

Mbwa mwenye hofu haogopi tu kutoka kwako, anaogopa dalili zake. Funguo zikilia, roho inamruka. Basi mara kadhaa kwa siku chukua funguo, kaa chini, endelea na chai yako. Vaa viatu, nenda jikoni. Fungua geti, lifunge, rudi. Fanya hivyo mpaka akuangalie kisha alale tena. Ikichukua siku kumi, ni kumi.

7. Ongeza muda kidogo kidogo.

Toka sekunde tano, rudi. Kumi, rudi. Thelathini. Dakika moja. Mbili. Usiongeze kabla hajaweza kubaki ametulia kwa muda ule wa mwanzo, na mara nyingine punguza, asijue kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita. Mazoezi ya dakika 15 kwa siku yanatosha. Akifika nusu saa bila kuhangaika, kwa mbwa wengi sehemu ngumu imepita, na unaweza kuongeza kwa hatua kubwa zaidi.

Kuna sharti gumu hapa na silifichi: wakati wa mafunzo haya usimwache peke yake kwa muda mrefu kuliko anaouweza. Kila siku ya hofu kamili inamrudisha nyuma. Ongea na askari, na shangazi, na kijana wa jirani akae naye kwa malipo kidogo. Unaporudi, ingia kimya, weka mizigo, msalimie akishatulia. Uharibifu ukiuona, fagia. Hakuna funzo katika kumpiga kwa kitu kilichopita. Utamfunza kuogopa kurudi kwako, na hofu ndiyo iliyomfanya agugune.

Makosa ninayoyaona kila mara

Pilipili. Mtu hupaka pilipili mbuzi kwenye mguu wa kiti, mbwa anajifuta usoni kwa nyayo, macho yanavimba. Tumia siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa sababu huweza kufubaza vanishi, na upake upya kila siku. Tena siki peke yake haitoshi, inasaidia tu aliyepewa kitu kingine cha kutafuna.

Shubiri. Najua nyanya zetu walipaka shubiri titini kumwachisha mtoto kunyonya, na wapo wanaodhani itafaa hapa. Utomvu wake humtapisha na kumharisha mbwa. Iache.

Mnyororo. Mbwa aliyefungwa mfupi mchana kutwa atauguguna mnyororo wenyewe mpaka meno yaishe, na akiwa mkali kwa wapita njia usishangae. Kibanda cha mabati juani ni kibaya zaidi. Mwezi wa Februari au Machi ndani mwake panaoka.

Kuleta mbwa wa pili "amfanyie kampani". Mwenye hofu anakutamani wewe, si mbwa mwenzake. Utakuwa na wawili wanaotafuna.

Mambo yakikataa

*Hataki mpira.* Umeujaza mgumu mno. Anza na chakula laini kisichogandishwa kinachomwagika kwa urahisi, aonje ushindi, ndipo ugandishe.

*Mchana hana shida, usiku wa mvua anararua.* Huyo anaogopa kishindo. Masika yenye radi, fataki za mahoteli mwaka mpya, madirisha yanayogonga kusi ikivuma. Funga madirisha vizuri, washa feni au redio, mpe kona ya ndani asikoona umeme. Siku zinazojulikana kama tarehe 31 Desemba, baki naye.

*Alishaacha, kaanza tena.* Jiulize nini kimebadilika. Umehama? Mtoto ameanza shule? Hapa Malindi nawaona wengi baada ya msimu wa watalii kwisha. Nyumba iliyojaa watu tangu Desemba inafungwa Aprili, mbwa anabaki na askari aliye getini, ndani hamna mtu. Mwanzishie hatua ya 6 kana kwamba hajawahi kuijua. Kama hakuna kilichobadilika na ni mbwa mzima wa miaka mingi, mwangalie kinywani kama jino limeoza.

*Anakula mchanga, mawe, ukuta.* Hili huenda si tabia. Minyoo na lishe duni huleta hayo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umwambie ni lini alipewa dawa ya minyoo mara ya mwisho. Watoto wa mbwa hupewa kila wiki mbili mpaka wafike wiki 12.

*Amemeza kitu.* Kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, tumbo kuuma ukiligusa, kutokupata choo: ni daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Usimtapishe kwa chumvi. Kama uzi au kamba inaning'inia nyuma, usiivute, inaweza kukata utumbo.

*Anajiumiza.* Kucha zinatoka damu mlangoni, amevunja jino kwenye nondo. Zipo dawa za kumtuliza anazoandika daktari wa mifugo, zikienda pamoja na hatua ya 6 na 7. Dawa za usingizi za binadamu usimpe.

*Amebadilika ghafla.* Mbwa asiyechanjwa ambaye jana alikuwa mpole, leo anauma mbao, mawe na hewa, udenda unamchuruzika, sauti imekwaruza, hamezi: usitie mkono kinywani kuangalia kama kuna mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie alipo kama unaweza bila kumgusa, waondoe watoto, piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti. Aliyeumwa au kurambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali kwa sindano siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kama wako hajapata, mpeleke wiki hii, kabla hata ya kununua mpira.